Aliyetusikiliza kwa Mgongo

Neno alilolipenda kuliko maneno yote ni "Rudia." Hakulisema kwa hasira wala kwa upole. Alilisema kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi mezani, na ukishalisikia ulijua hakuna mjadala, unarudi mwanzo. Mbeya nzima ya miaka ile ya hamsini ilimwita Bwana Maendeleo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya: kuzunguka mitaani na vijijini akiwahimiza watu wachimbe vyoo, wachemshe maji ya kunywa, wapeleke watoto shule. Mimi nilimjua zaidi kwa kazi yake nyingine, ile ya jioni katika ukumbi wa Welfare, ule wa ustawi wa jamii, ya kututesa sisi tulioingia kwenye mchezo wake wa kuigiza. Nasema kututesa na huku nacheka. Sijateswa vizuri namna ile tena maishani.

Wengine wakifundisha mchezo hukaa mbele wakaangalia. Yeye aliweka kiti katikati ya ukumbi, akakigeuza, akaketi akitazama ukuta wa nyuma, sisi tukabaki kuongea na kisogo chake na kola ya koti lake la jeshi. Koti hilo hakulivua mvua wala jua. Alidai damu yake ya pwani haiwezi baridi ya Mbeya, ingawa alikulia Iringa, ambako upepo wa pale kilimani haumbembelezi mtu. Siku ya kwanza nilidhani ametudharau. Mchinja nyama wa sokoni, aliyepewa kucheza Shemeji, akashindwa kuvumilia.

"Sasa Bwana, utatuonaje?"

"Sitaki kuwaona," akajibu bila kugeuka. "Macho yangu yana huruma. Yakiona umechoka yanakusamehe. Masikio hayajui kama umechoka. Rudia."

Na alisikia kweli. Ulikuwa ukisema maneno yako huku umeegemea ukuta, anakuambia uache ukuta. Ukiwa na ndizi mdomoni, anakuuliza kama imeiva.

Alituita kwa majina ya mchezoni, wala si ukumbini tu. Mchinja nyama alikuwa Shemeji hata akiwa ameshika shoka buchani kwake. Mama mmoja wa makamo aliyeuza ndizi sokoni alikuwa Mama Mkwe. Mimi nilikuwa Mjane. Nilikuwa mke kijana wakati huo, nimeolewa na dereva wa lori, mtu wa kwetu Tukuyu. Siku moja nimesimama naye sokoni tunachagua viazi, nikasikia sauti kutoka upande wa pili: "Mjane! Jioni usichelewe!" Watu wakageuka, wakanitazama mimi, kisha wakamtazama yeye. Mume wangu akavua kofia.

"Bwana," akasema, "mimi mbona bado nipo?"

"Najua, najua," akajibu Bwana Maendeleo, akapita na koti lake. "Lakini jioni huwa umekufa."

Mume wangu aliicheka hadithi hiyo miaka yote tuliyoishi pamoja, kila akiwasimulia wageni ananiomba nimkumbushe alivyovua kofia.

Kuhusu kuchelewa, sijui nianzie wapi. Aliyetuhubiria saa hakuwa na saa. Akitoka nyumbani kwake alikutana na mtu, akamwuliza habari za choo, wakafuatana kwenda kukiona, na sisi tupo ukumbini tunapuliza viganja. Lakini wewe ukija nyuma yake hata kidogo, alikupokea kwa salamu ndefu kuliko kawaida, akikuulizia baba, mama, wajomba na mifugo, mpaka uombe radhi. Na magharibi ikimkuta katikati ya mazoezi, aliinuka kwenda kuswali. "Kaeni hivyo hivyo, narudi." Basi tulikaa hivyo hivyo, mikono juu, midomo wazi, katika baridi ya Juni. Nakumbuka mchinja nyama aliwahi kusinzia akiwa amenikunjia ngumi. Bwana akirudi hakututazama. Aliketi, akasema endeleeni, na baada ya maneno mawili matatu akasema, "Mama Mkwe, uliketi."

"Nilikaa kidogo tu, Bwana. Miguu inauma."

"Sauti yako bado imekaa. Iinue."

Kazini kwake alitakiwa atunge mchezo wa vyoo. Aliutunga. Ukumbi ulijaa, watu wakacheka mpaka wakatokwa machozi, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuna hata mmoja aliyekwenda kuchimba. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Alisema mtu aliyecheka anarudi kwake ameshiba, hana haja tena ya kufanya lolote, kwa hiyo safari hii atatunga mchezo ambao mtu atarudi nao nyumbani unamuwasha. Wakubwa wake aliwaambia ni mchezo unaohusu nyumba bora, na kwa namna fulani hakuwadanganya.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi kuusimulia. Mtu amekufa. Ndugu zake na mama yake wanamtoa mjane nje ya nyumba aliyoijenga na mumewe, wanajifungia ndani. Sehemu ya mwisho yote Mjane amesimama nje peke yake, anasema nao kupitia mbao, na hakuna anayemjibu. Mbao hizo hazikuwa za kuchora. Alizipata kwa seremala mmoja, za mninga, pamoja na fremu na komeo la chuma, zito kiasi kwamba wanaume wanne walizibeba wakilaumu. Nyuma ya mbao aliwaketisha Mama Mkwe na Shemeji, akawapa amri ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine.

"Mkisikia kweli anawaita, fungueni. Msiposikia, kaeni."

"Lakini Bwana," akauliza mchinja nyama, "mwisho wa mchezo ni upi? Tunafungua au hatufungui?"

"Mwisho nitaujua nikiusikia."

Jioni baada ya jioni niliongea na mninga. Nilirudi kwangu koo limekauka, magoti yanauma kama nimetoka kulima ngano. Nililia, nikafoka, nikabembeleza. Huko nyuma nilisikia mchinja nyama akikohoa na Mama Mkwe akimenya kitu. Komeo halikugusika. Nami nilitaka liguswe. Sikuwahi kutaka kitu cha kipuuzi namna ile kwa nguvu namna ile, na nilijua ninakiweza.

Hapa lazima nieleze jambo, maana mchezo wote ulikwama hapo.

Kwetu Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe wake usoni, hakai alipo, na wakikutana njiani ni yeye mke anayeingia majanini mpaka mzee apite. Jina lake halitamki. Wala halitamki neno lolote linalofanana na jina hilo. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, na ukristo wake ulikuwa wa kweli kabisa, lakini ukwe ni ukwe. Sasa jina lake limekaa ndani ya neno la Kiswahili la kile kitu cha mbao kinachofungwa na kufunguliwa mtu akiingia nyumbani. Neno hilo unalijua. Humu utalikuta, ila kila mara litatoka kinywani mwa mtu mwingine. Nyumbani nilisema "funga nyumba," tukaelewana. Asubuhi nilifundisha akina mama kisomo, na kitabu chetu kilikuwa na picha ya kitu hicho. Niliichora ubaoni, nikaigonga kwa kiganja, darasa zima likalisema kwa sauti, tukaendelea. Wengi wao walikuwa Wanyakyusa wenzangu. Kila mmoja alikuwa na neno lake analoliruka, na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Na mstari wa mwisho wa Mjane, kama Bwana Maendeleo alivyotusomea kwa kinywa chake, ulikuwa huu: "Fungueni mlango."

Nilisema, "Fungueni nyumba." Rudia. "Fungueni hapa." Rudia. "Fungueni, jamani." Rudia. Siku nenda, siku rudi. Alidhani nasahau. Nami sikuweza kumweleza, kwa sababu kumweleza ni kumwonyesha mtu baki jina la mkwe wangu lilipo. Mume wangu alikwishaniambia tangu mwanzo: "Cheza, mimi sina neno. Lakini lile la baba likipita mdomoni mwako mbele za watu, sitakuwa na la kuwajibu nyumbani. Utarudishwa kwenu, na mimi nitakuwa nimetazama." Alilisema kwa huzuni, si kwa kunitisha, ndiyo maana niliogopa. Basi nilikuwa na mchezo mkono huu na nyumba mkono huu, na nilivitaka vyote viwili. Sikuona aibu kuvitaka na leo pia sioni.

Jioni moja Bwana Maendeleo aliinuka, akageuka. Hatukuzoea kuuona uso wake ukumbini, sote tukashtuka.

"Bibie," akasema, "umemeza maneno mengi namna hii, moja linakushinda? Kama mchezo huutaki, niambie nitafute mtu mwingine."

Nililia palepale, kilio cha kweli, si cha Mjane. Mama Mkwe akatoka nyuma ya mbao akijifuta mikono.

"Bwana, huyu mtoto hajasahau. Hiyo neno ni ya mkwe wake. Akiisema hapa, kwake harudi."

"Mkwe gani tena? Mimi nasema mlango!"

"Ndiyo hiyo hiyo, Bwana. Usiseme kwa nguvu."

Akamtazama yeye, akanitazama mimi, akazitazama mbao. Mchinja nyama akataka kusaidia. "Si abadilishe tu? Aseme dirisha."

Ukumbi ukaangua kicheko, hata mimi na machozi yangu. Bwana Maendeleo hakucheka. "Mjane hataki kupita dirishani," akasema. "Yeye ni mke wa nyumba hii." Akavuta kola ya koti. Kisha akarudi kwenye kiti, akaketi, akatupa tena kisogo.

"Mjane."

"Naam, Bwana."

"Usilitamke."

"Ahsante, Bwana."

"Usinishukuru bado. Usilitamke, lakini nataka nilisikie."

Hapo ndipo nilipojua mateso. Kusema neno ni kazi ya ulimi. Kutolisema, na aliyekupa mgongo alisikie, ni kazi ya mwili mzima. Nilisema "Fungueni," nikanyamaza, nikapiga mbao kwa kiganja. Akasema, "Hicho ni kimya cha mtu aliyesahau. Rudia." Nikarudia. "Hicho ni cha mtu anayengoja kupigiwa makofi. Rudia." Nikarudia. "Sasa umechoka. Mjane hajachoka, angechoka angekwenda zake. Rudia." Nilimchukia mpaka nikahisi joto masikioni. Hakujua kwetu wala mila zetu, na bado aliniambia jambo ambalo hakuna Mnyakyusa aliyewahi kuniambia: "Umewahi. Unapiga kabla neno halijafika. Liache lije mpaka menoni, lione watu, ndipo ulifungie kwa mkono." Nikajaribu hivyo. Nikaliacha lije. Miaka yote nilikuwa nalikimbia neno lile, nalipita mbali kama shimo. Jioni ile nililikaribisha mpaka kwenye meno, nikalihisi zito na la heshima, jina la mtu mzima aliyenikabidhi mwanawe. Nikapiga.

Bwana Maendeleo akasema, "Hapo." Akainuka kwenda kuswali, na safari hii hakutuambia tukae hivyo hivyo.

Tulipokuwa tayari kuonyesha Mbeya, habari ikaja kwamba baba mkwe anakuja kuuona mchezo. Nilitaka kuugua. Nitasimamaje mbele yake na uso wazi? Kumzuia ni kumtukana, na mimi kuacha ni kuwavunja wenzangu. Nilimweleza Bwana Maendeleo, naye akanishangaa kana kwamba nimemwuliza jua linachomoza upande gani. "Atakaa na mimi," akasema. Kwa sababu siku za maonyesho yeye hakukaa ukumbini kabisa. Alikaa nje, chini ya dirisha, mgongo ukutani. Basi akaongeza kiti cha pili. Wazee wawili wakaketi huko nje, mmoja na kanzu chini ya koti la jeshi, mwingine na suti yake ya kanisani, wakiitazama milima na kutusikiliza.

Ukumbi ulijaa, na safu za mbele zilijaa darasa langu la kisomo. Mchezo ukaenda. Nikafika mwisho. "Fungueni," nikasema, nikaliacha lije, nikapiga kwa kiganja. Sikuwa nimefikiri kitakachofuata. Wanawake wangu wakaona mwalimu wao amegonga kile kitu kama anavyokigonga ubaoni kila asubuhi, na darasa zima likaitika:

"Mlango!"

Ukumbi ukalipuka. Makofi, vigelegele, watu wakisimama. Pazia likavutwa. Nilifurahi, nisiwe mnafiki, nilifurahi sana. Mume wangu akaja mbio kutoka nje.

"Baba anasema amekusikia ulivyonyamaza," akaniambia, macho yanamng'aa. "Anasema ndaga, ahsante sana. Tena anasema watu wa Mbeya hawana adabu, wamemwita kwa jina ukumbi mzima, ila mkwe wake anayo."

Nikamtafuta Bwana Maendeleo anipongeze na yeye. Nilimkuta anakunja viti.

"Wamekuibia," akasema. "Kilikuwa kimya chako, wamekijaza wao. Na komeo halikuguswa. Iringa utarudia."

Tulikwenda Iringa kwa lori la mume wangu, mbao zetu zimelazwa juu ya magunia na sisi juu ya mbao. Njiani kila tuliposimama watu walituuliza, "Mnakwenda wapi na mlango bila nyumba?" Mume wangu aliwajibu kwamba nyumba iko mbele. Safari nzima Bwana Maendeleo hakumwuliza hata mmoja habari za choo. Baadaye nilielewa. Iringa kulikuwa na dada zake na wajomba zake, wafanyabiashara wanaoheshimiwa, ambao kwa miaka walisema ameacha duka la familia akachagua michezo ya watoto. Walikuja wote, wakakaa mbele wamenyooka. Kabla hatujaanza alinijia, akanisogezea ushungi wangu wa kimjane kidogo nyuma, akasema, "Hapa huna darasa." Akaenda nje chini ya dirisha.

Sikuwa na darasa. Kulikuwa na Wahehe, na watu wa mjini wenye asili ya pwani, na hakuna aliyejua mkwe wangu ni nani. Nikisahau au nikinyamaza, kwao ni kitu kimoja. Nilisema, "Fungueni." Neno likaja. Likafika menoni, likawaona watu. Nikapiga.

Hakuna aliyeitika. Hakuna aliyekohoa. Nilibaki na kiganja kwenye mninga, na nikajua kwa hakika, kama mtu anavyojua amekanyaga ardhi, kwamba ukumbi wote unalo lile neno mdomoni na hakuna anayethubutu kulitoa. Kisha nikasikia chuma. Komeo likavutwa. Mbao zikafunguka, na Mama Mkwe alikuwa amesimama pale machozi yanamtoka, amesahau Kiswahili, amesahau kwamba yeye ndiye mkatili wa mchezo.

"Ingila, gwe," akaniambia kwa Kinyakyusa. Ingia, wewe.

Nikaingia. Nilipopita nilitazama dirishani, nikauona uso wa Bwana Maendeleo. Alikuwa amegeuka. Amesimama juu ya kiti chake huko nje, anatutazama kwa macho yake yenye huruma, wazi kabisa, kama mtu yeyote. Jioni ile hakusema rudia. Dada yake mkubwa alimfuata baadaye, akamfungia kifungo cha juu cha koti, na hilo lilimtosha.

Miaka mingi ilipita. Alirudi kwao Iringa, mimi nikabaki Mbeya na wajukuu. Baba mkwe alifariki, Mungu amrehemu, na hakuna tena wa kunikataza kitu, lakini mdomo umezoea heshima yake na mimi nauacha. Mwaka mmoja nilikuwa Iringa kwa harusi, nikaulizia nyumba ya Bwana Maendeleo. Binti yake alinipokea uani.

"Karibu, mama. Ila nikwambie mapema, baba hasikii tena. Masikio yamekufa yote mawili. Na watu anawasahau."

Alikuwa chumbani, ameketi kwenye kiti, koti lile lile mabegani. Kiti kilikuwa kimegeuzwa. Sasa kilitazama pa kuingilia, kwa sababu bila masikio ilimbidi awaone wanaokuja. Nikasimama kizingitini nikampa salamu zangu zote, shikamoo na kila kitu. Akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni wa watu wengine. Binti yake akanigusa bega, akataka anitoe.

Nikamwomba angoje. Nikairudisha ile mbao ya kuingilia kidogo, nikasimama mbele ya mbao hiyo, anione mdomo. Sikutoa sauti, sauti ingemfaa nini. Nilifungua mdomo kwa ile "Fungueni," nikaliacha neno lije, nikapiga kwa kiganja.

Uso wake ukabadilika polepole. Aliinua kidole.

"Mlango!" akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, mpaka kuku wakakimbia uani. Binti yake akaziba mdomo kwa khanga. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, nikanyoosha mikono nimwendee.

Akanizuia kwa kile kile kidole.

"Umewahi," akasema. "Rudia."

Nikafuta macho. Nikatoka nje, nikasimama mahali pangu, nikaanza upya.